Wanne na mabegi mgongoni, siku 21 Ulaya: pasi ya reli au tiketi mojamoja? Na ni wapi huwa panaharibika?

Kijana_wa_Leipzig ameuliza:

Wakuu, habari za jioni. Septemba, kabla muhula haujafunguliwa, tunataka kuzunguka watu wanne kwa siku 21. Kikosi ni hiki: mimi Mtanzania, nasoma Leipzig, nina kibali cha kuishi Ujerumani. Rafiki Mkenya anasoma Debrecen, Hungaria, ana kibali cha huko. Mjerumani mmoja, darasa moja na mimi. Na binamu yangu anatoka Dar, atakuja kwa viza. Wote tuna miaka 22 hadi 25.

Njia tuliyochora: Leipzig, Prague, Vienna, Budapest, Venice, Roma, Paris, kurudi Leipzig. Mmoja wetu anang'ang'ania tuongeze Belgrade na London "kwa kuwa tuko karibu".

Naomba msaada kwa haya: (1) pasi ya reli ya Interrail (tiketi moja ya kupanda treni za nchi nyingi) ina faida au tununue tiketi moja moja? (2) hati za binamu na za sisi wenye vibali zina mitego gani? (3) begi la lita ngapi, na ndani nini? (4) hela za pamoja mnaziendeshaje bila watu kununiana? Naomba kilicho kamili, maana "mtafurahia tu" nimeshaambiwa sana.

---

Karani_wa_Mpakani:

Nauli baadaye, mkuu. Makaratasi kwanza. Kundi hutembea kwa hati ya yule mwenye hati dhaifu kuliko wote, na kwenu huyo ni binamu.

Viza ya Schengen, yaani viza moja ya kundi la nchi za Ulaya zilizofungua mipaka kati yao, huombwa kwa nchi atakayolala usiku mwingi zaidi. Hesabuni usiku kwa nchi, siyo miji: Venice tatu na Roma nne ni saba za Italia, hata kama moyo wake uko Paris. Nchi zikifungana, anaomba kwa ile atakayoingia kwanza. Maombi hupokelewa kuanzia miezi 6 kabla ya safari, na yasipungue siku 15 kabla. Uamuzi kwa kawaida ni siku 15, lakini sheria inaruhusu hadi 45. Kinachokwamisha zaidi ni tarehe ya miadi, kwa sababu kuelekea kiangazi nafasi hujaa. Kwa safari ya Septemba aanze kuwinda miadi Mei. Ada ni euro 90 kwa mtu mzima. Bima ya safari lazima ifike angalau euro 30,000, itaje eneo lote la Schengen na ifunike siku zote. Bima inayoishia tarehe 20 wakati tiketi ya kurudi ni tarehe 21 ni sababu tosha ya kukataliwa.

Viza ikitoka, asome kibandiko palepale kaunta. Kuna tarehe ya kuanza na kuisha, kuna idadi ya siku, na kuna idadi ya kuingia. Wengi husoma tarehe tu. Kama tarehe zinasema Septemba 1 hadi 30 lakini siku ni 21, basi ni 21, na siku ya kuingia na ya kutoka zote zinahesabiwa.

Ile idadi ya kuingia ndiyo inayoua wazo la Belgrade. Serbia haimo Schengen. Binamu akiwa na viza ya kuingia mara moja, akivuka kutoka Hungaria kwenda Serbia viza yake imekwisha kazi, na kurudi Budapest hatarudi, hata kama tiketi ya Roma iko mfukoni. London ni hivyo hivyo na zaidi: Uingereza ina viza yake, na wewe, Mkenya na binamu wote mnaihitaji, kibali cha Ujerumani au Hungaria hakisaidii. Mjerumani mwenyewe siku hizi anatakiwa kuwa na idhini ya kielektroniki na pasipoti, kitambulisho chake cha uraia hakitoshi. Futeni London.

Nyinyi wenye vibali mnaruhusiwa kukaa katika nchi nyingine za Schengen siku 90 ndani ya kila siku 180, na siku za nchi iliyotoa kibali hazihesabiwi. Masharti ni mawili: pasipoti hai na kadi ya kibali yenyewe, vyote mkononi. Picha kwenye simu si hati. Kama kadi inaisha Septemba na umepewa karatasi ya muda wakati unasubiri mpya, usivuke mpaka kabla ya kuuliza ofisi ya wageni kwa maandishi kama karatasi hiyo inakuruhusu kutoka na kurudi. Karatasi hizo ziko za aina zaidi ya moja na zinafanana kwa sura.

Msidanganywe na maneno "Schengen haina mipaka". Ujerumani imerudisha ukaguzi kwenye mipaka yake yote ya nchi kavu tangu Septemba 16, 2024, na treni za Prague kwenda Dresden au Paris kwenda Frankfurt zinaweza kupandwa na polisi. Na tusemezane ukweli: behewa zima likiwa limelala, ngozi nyeusi ndiyo huulizwa kwanza. Pasipoti na kibali viwe kwenye pochi ya kifuani, siyo chini ya begi lililoko juu ya kichwa cha mtu mwingine.

---

Fundi_Reli:

Karani kamaliza upande wake. Naanza na ramani, kwa sababu mmeichora vibaya kidogo.

Kutoka Budapest kwenda Venice mtajikuta mnarudi Vienna karibu kwa vyovyote. Geuzeni: Prague, Budapest, Vienna, Venice. Kuna treni ya moja kwa moja Prague hadi Budapest kupitia Brno na Bratislava, kama saa 7. Budapest hadi Vienna ni saa 2 na dakika 40 hivi. Vienna hadi Venice kuna treni ya mchana ya karibu saa 8, au ya usiku ya shirika la reli la Austria, Nightjet. Halafu Mkenya wenu asije Leipzig kabisa. Debrecen iko upande wa mashariki wa Budapest, awasubiri hapo. Mmemwokolea safari ndefu mbili.

Sasa pasi. Kuna Interrail kwa wakazi wa Ulaya na Eurail kwa wakazi wa nje. Kinachoangaliwa ni unakoishi, uraia haujalishi. Wewe, Mkenya na Mjerumani ni Interrail. Binamu ni Eurail. Treni ni zile zile. Tofauti inayouma: mwenye Interrail hatumii pasi ndani ya nchi anayoishi isipokuwa safari moja ya kutoka na moja ya kurudi. Binamu hana kizuizi hicho. Kijana ni hadi miaka 27, na punguzo ni asilimia 25 ya bei ya mtu mzima.

Siku zenu za treni ni saba: Leipzig–Prague, Prague–Budapest, Budapest–Vienna, Vienna–Venice, Venice–Roma, Roma–Paris, Paris–Leipzig. Inaangukia vizuri kwenye pasi ya siku 7 ndani ya mwezi 1, ambayo kwa kijana inakaribia euro 300. Hapo ndipo watu hufunga hesabu na kushangilia, wakisahau ada ya kiti. Pasi inalipia nauli. Kiti katika treni za kasi za Ufaransa, Italia na Uhispania ni lazima na kinalipiwa mbali. Ndani ya Italia ni kama euro 13 kwa treni moja. Milan kwenda Paris huweza kufika euro 30. Paris–Frankfurt nayo inataka kiti. Treni ya usiku ndiyo ghali zaidi ukitaka kitanda. Jumla mtaongeza euro 70 hadi 100 kila mmoja. Ubaya mwingine: treni za Ufaransa hutenga viti vichache kwa wenye pasi. Vikiisha, treni inaondoka nusu tupu na wewe mwenye pasi umebaki stesheni.

Tiketi mojamoja zikinunuliwa wiki 6 hadi 10 kabla, makadirio yangu ni haya kwa mtu mmoja: Leipzig–Prague euro 20 hadi 30, Prague–Budapest 25 hadi 35, Budapest–Vienna 15 hadi 20, Vienna–Venice mchana 30 hadi 45, Venice–Roma 25 hadi 35, Paris–Leipzig 45 hadi 65. Roma–Paris kwa treni ni zaidi ya saa 10 na kubadilisha njiani, kwa hiyo wengi hupanda ndege. Hata na ndege mnabaki chini ya gharama ya pasi pamoja na viti vyake. Kwa njia yenu hii, tiketi mojamoja. Pasi ina maana kwa anayezunguka Ujerumani, Austria, Uswisi, Uholanzi na Denmark, ambako treni nyingi hazilazimishi kiti na bei ya siku ileile ni kali, au kwa anayetaka kuamka asubuhi na kuamua.

Nunueni kwenye tovuti ya shirika la nchi husika, siyo kwa madalali wanaoongeza ada. Safari ya kuvuka mpaka mara nyingi ina bei mbili tofauti kwa treni ileile. Linganisheni tovuti ya reli ya Ujerumani na ya Cheki kwa Leipzig au Dresden hadi Prague. Ya Cheki mara nyingi ni nafuu. Vivyo hivyo reli ya Hungaria na ya Austria kwa Budapest–Vienna. Venice–Roma kuna kampuni mbili zinazoshindana, Trenitalia na Italo. Fungueni zote mbili.

Na tiketi hizi za bei ya chini zimefungwa kwenye treni moja na saa moja. Ukichelewa kwa uzembe wako, imekufa. Ukichelewa kwa sababu treni ya kwanza ilichelewa, na zote mbili ziko kwenye tiketi moja, unapandishwa inayofuata. Ukizinunua mbalimbali, hakuna wa kukutetea kirahisi. Kwa hiyo unganisho la dakika 8 lipite kwenye tiketi moja; ukigawa tiketi acha saa nzima, na kama treni ya kwanza ni ya Ujerumani, acha saa na nusu.

Mkiamua pasi licha ya yote: programu yake ipakuliwe nyumbani, pasi iongezwe kwa namba yake na jina la ukoo, kisha iamilishwe. Kila siku ya safari lazima uweke treni husika kwenye orodha ya safari zako, uwashe siku hiyo, ndipo msimbo wa mraba utokee. Fanya hivyo kabla ya kupanda. Mkaguzi akikukuta unahangaika kutafuta mtandao ndani ya handaki, kwake wewe ni mtu asiye na tiketi. Siku ya pasi inaanzia saa 6 usiku hadi saa 6 usiku inayofuata. Treni ya usiku inakula siku ya kuondoka tu, mradi usibadilishe treni baada ya saa 6 usiku.

---

Kijana_wa_Leipzig:

Asanteni sana wakuu. London na Belgrade zimezikwa rasmi. Mkenya kafurahi kusikia hatakuja Leipzig. Mabegi na hela je?

---

Mpagazi:

Lita 40, na likijaa lisizidi kilo 8 au 9. Anayebeba lita 65 atalijaza lita 65, huo ni ugonjwa wa binadamu.

Begi kubwa hutishwa na ngazi. Venice ni madaraja yenye ngazi kila baada ya hatua chache, na hosteli nyingi za Paris hazina lifti. Magurudumu kwenye mawe ya Prague hayafiki mbali.

Namna ya kulivaa, maana wengi hulivaa vibaya na kulaumu begi: legeza mikanda yote. Livae. Mkanda wa kiunoni ukae juu ya mifupa ya nyonga, siyo tumboni, uukaze kwanza. Kisha kaza mikanda ya mabega mpaka iguse tu bila kuvuta. Mkanda wa kifua mwisho. Ukifanya sawa, sehemu kubwa ya uzito iko nyongani na unaweza kupitisha kidole chini ya mkanda wa bega. Ndani, kizito kikae katikati, karibu na mgongo. Ukikiweka chini kabisa begi linakuvuta nyuma. Ukikiweka juu kabisa linakuyumbisha ukishuka ngazi.

Nguo za siku 5, siyo za siku 21. Fulana nne, suruali mbili, sweta moja, koti jepesi la mvua, soksi na chupi tano tano. Mashine ya kufulia ya hosteli ni euro 4 hadi 6 kwa mzigo, na nguo za watu wanne za rangi moja huingia mara moja. Kandambili za bafuni. Taulo za hosteli hukodishwa, kwa hiyo beba kanga. Kanga inakauka usiku mmoja, inakuwa taulo, shuka, na pazia ukilala kitanda cha chini cha dabodeka. Hiyo kazi taulo la duka la michezo haliwezi. Binamu abebe doti mbili.

Viatu vitembee angalau wiki mbili kabla ya safari. Mtatembea kilomita 15 kwa siku bila kujua. Lengelenge huanza kama joto sehemu moja ya kisigino. Ukilisikia simama hapohapo, kausha, bandika plasta. Ukisubiri jioni umeshachelewa, na siku inayofuata kundi zima linatembea kwa mwendo wako.

Umeme: chaja ya pini tatu bapa ya Dar au Nairobi haiingii huku. Bara lote mtakalopita linapokea pini mbili za duara, zile nyembamba. Binamu anunue kigeuzi kimoja, halafu mbebe eksitensheni moja ndogo yenye matundu manne. Bweni la watu 8 mara nyingi lina soketi mbili tatu, na mwenye eksitensheni huwa rafiki wa wote.

Ndege ya Roma–Paris: mashirika ya bei ya chini hutoa bure begi moja dogo la chini ya kiti, sentimita 40 kwa 30 kwa 20. Begi lenu la lita 40 halimo humo. Tiketi ya euro 25 inakuja kupandishwa na begi la euro 35, na mkilipia mlangoni ni zaidi. Suluhisho la watu wanne: nunueni mapema mzigo mmoja wa kilo 20 wa kwenda chini, mtie vizito vyote na chupa zinazozidi mililita 100, kisha kila mmoja abane begi lake tupu hadi lipungue. Mikanda inayoning'inia ifungwe. Angalieni pia uwanja: "Paris" ya ndege za bei ya chini mara nyingi ni Beauvais, karibu kilomita 85 kutoka mjini, na basi la kuwafikisha lina nauli yake.

Kitu kimoja kwa nyinyi wa kwetu: jina. Tuna majina matatu, na fomu zina nafasi mbili. Jaza jina la ukoo na majina ya kwanza kama yalivyo kwenye mistari ya chini ya pasipoti, ile yenye alama za <<<. Usijaze jina wanalokuitia.

---

Dada_Hesabu:

Hela. Fanyeni mifuko miwili. Wa pamoja: malazi, usafiri wa mjini, chakula cha kupika. Wa mtu mwenyewe: viingilio, vinywaji, zawadi, na mgahawa ambao si wote mmeukubali. Kila mmoja aweke euro 60 kwenye mfuko wa pamoja, mtu mmoja ashike, ukibaki euro 40 mnajaza tena kwa usawa. Matumizi yaandikwe palepale kwenye programu ya kugawana gharama kama Splitwise au Tricount, na msawazishe kila siku ya tatu. Mkisubiri mwisho wa safari, mmoja atadaiwa euro 180 hajui zilitokea wapi, na hapo ndipo kununiana huanzia. Ambaye hanywi bia asilipie bia. Semeni hilo siku ya kwanza kwa sauti, kabla halijawa na jina la mtu.

Nchi mbili kati ya zenu hazitumii euro. Cheki ni koruna, Hungaria ni forinti. Forinti 10,000 ni kama euro 25, msitishike. Mashine ya kutolea pesa itawauliza kwa upole: ukatwe kwa shilingi au euro, au kwa sarafu ya hapa? Chagueni sarafu ya hapo, kila mara. Ukikubali ubadilishiwe na mashine, kiwango ni chao na hasara ni yako. Kwa binamu mwenye kadi ya benki ya nyumbani hasara hiyo inakuja juu ya ada ya benki yake. Aiarifu benki kabla ya kuondoka kwamba kadi itatumika Ulaya, aulize kikomo cha kutoa kwa siku, na abebe euro 150 taslimu za kuanzia. Mkibadilisha hela Prague na kugundua mmepunjwa, sheria ya Cheki tangu 2019 inakuruhusu kutengua ndani ya saa 3 kwa kiasi kisichozidi euro 1,000, ukiwa na risiti. Kwa hiyo risiti msitupe. Anayewafuata barabarani na noti mkononi hana risiti.

Malazi: watu wanne ni idadi ya dhahabu. Kabla ya kubuku vitanda vinne bwenini, angalieni bei ya chumba cha wanne au nyumba ndogo. Mara nyingi zinakaribiana, na mnapata jiko. Venice laleni Mestre, ng'ambo ya daraja. Treni ni kama dakika 10 na bei inashuka sana. Bei ya mtandaoni haijumuishi kodi ya mji kila mahali. Hiyo hulipwa kaunta kwa kila kichwa kwa kila usiku, mara nyingi taslimu. Beba kufuli lako la namba lenye shingo nyembamba, maana nene halipiti kwenye pete ya kabati. Ukifika, kabla hujaweka begi kitandani, inua kona ya godoro na uangalie mishono kwa taa ya simu. Vidoti vyeusi kama wino ni kinyesi cha kunguni. Ombeni chumba kingine, siyo shuka nyingine.

Ujerumani na Austria maduka ya chakula hufungwa Jumapili. Nunueni Jumamosi, au nendeni stesheni kuu mlipe zaidi. Maji ya bomba katika miji yenu yote yananyweka. Roma kuna vibomba vya mtaani vinavyotiririka mchana kutwa, ukiziba tundu la chini kwa kidole maji yanaruka kwenye tundu la juu, unakunywa bila kuinama.

Viingilio, hapa vibali vyenu vinalipa. Louvre ni bure kwa mkazi wa eneo la uchumi la Ulaya aliye chini ya miaka 26, hivyo wewe na Mkenya mnaingia bure kwa kuonyesha kibali, ila lazima mchukue nafasi ya saa mtandaoni, na Jumanne pamefungwa. Binamu analipa kamili. Italia ni kinyume: bei ya euro 2 kwenye makumbusho ya serikali kwa vijana wa miaka 18 hadi 25 ni ya raia wa Umoja wa Ulaya. Hapo Mjerumani ndiye mshindi, nyinyi kibali hakisaidii. Colosseum tiketi ina jina la mtu, na mlangoni hulinganishwa na hati.

---

Fundi_Reli:

Narudi kuongeza yanayoharibika stesheni, kwa sababu hayo ndiyo yanayokula pesa.

Mji mmoja una stesheni nyingi. Budapest kuna Keleti, Nyugati, Déli na Kelenföld. Roma kuna Termini na Tiburtina. Venice Mestre siyo Venice Santa Lucia. Soma jina lote kwenye tiketi, siyo mji tu. Halafu ubao unaandika kwa lugha ya pale: ukiwa Prague, Vienna ni "Vídeň" na Dresden ni "Drážďany"; ukiwa Budapest, Vienna inaitwa "Bécs". Msitafute mji, tafuteni namba ya treni, hiyo haitafsiriwi. Maneno matatu ya kukariri: "fällt aus" kwa Kijerumani na "soppresso" kwa Kiitaliano ni treni imefutwa, "binario" ni njia ya treni.

Namba ya behewa si pambo. Treni za usiku hukatwa katikati ya safari, mabehewa mengine yanaenda mji huu, mengine ule. Ukihamia behewa tupu ulale kwa raha, unaweza kuamkia mji mwingine.

Italia, tiketi ya karatasi ya treni ya mkoa lazima igongwe muhuri kwenye mashine ndogo ukutani kabla ya kupanda. Ya simu lazima uithibitishe siku ya safari. Mabasi na metro za Prague na Budapest pia: tiketi isiyogongwa ni sawa na kutokuwa nayo, na wakaguzi huvaa kiraia. Budapest tiketi ya kawaida ya safari moja haikuruhusu kubadilisha chombo. Ukibadilisha, piga nyingine. Kwa siku mbili tatu nunueni ya saa 72.

Wizi: simu ikae mbali na mlango wa metro. Mwizi husubiri kengele ya milango, ananyakua, anashuka, milango inafungwa na wewe uko ndani. Roma basi namba 64, la kutoka Termini kwenda upande wa Vatikani, linajulikana. Montmartre, Paris, anayekushika mkono kukufunga uzi wa rangi hatoi zawadi. Mikono mfukoni, endelea kutembea. Pasipoti ikipotea, kwanza ripoti ya polisi, kisha ubalozi kwa hati ya dharura ya kusafiria. Tanzania na Kenya zote zina ubalozi Roma, Paris na Berlin.

Na kwenye kikundi chenu cha WhatsApp andikeni saa kwa tarakimu za tiketi, 07:00 au 19:00. Ukiandika "tukutane saa 1" binamu atakuja asubuhi na Mjerumani atakuja baada ya chakula cha mchana. Treni ya 00:15 ya tarehe 12 inaondoka usiku wa kuamkia tarehe 12, yaani mnatoka hosteli tarehe 11. Mtu akiachwa au akipitiliza, kanuni ni moja: ashuke kituo kinachofuata akae palepale, wengine wamfuate. Wote wakitafutana hamtaonana.

---

Kijana_wa_Leipzig:

Hii naichapisha kabisa. La mwisho: binamu anauliza kama aje na nyama kavu, samli na dagaa tupike njiani.

---

Karani_wa_Mpakani:

Nyama kavu na samli vitaishia kwenye pipa la forodha. Bidhaa za nyama na maziwa kutoka nje ya Umoja wa Ulaya haziruhusiwi kwenye mzigo wa abiria, hata kidogo. Dagaa wanaruhusiwa, samaki ni hadi kilo 20 kwa mtu. Awakaange kabisa Dar, wapoe, awafunge mifuko miwili ya plastiki ndani ya kopo la kukaza. Na lisifunguliwe bwenini. Likafunguliwe jikoni, dirisha wazi, baada ya kuwaonya wenzenu.